Pua Imeziba na Boti Inaondoka: Mwongozo wa Kupiga Mbizi Ukiwa na Mafua au Sainasi

Swali huwa linakuja mitungi ikiwa imeshapakiwa. Mtu anakuvuta pembeni ili nahodha asisikie, anakunong'oneza: "Kaka, pua imeziba kidogo tu, ila nimeshameza kidonge. Si nashuka?" Macho yanamlenga machozi, sauti inatokea puani, na unajua usiku kucha amehemea mdomo. Ameshalipa. Wenzake wanne wamekaa botini wanamtazama. Maji yanatoka, na nahodha hataki boti ikalie mchanga pale Mikindani, Mtwara.

Jibu langu ni hapana. Zamani lilikuwa "inategemea", na nitaeleza kilichonibadilisha.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza: nitasema "mpiga mbizi", sitasema "mzamiaji". Huku kwetu ukijitambulisha kuwa mzamiaji, swali la pili ni ulizamia meli gani na ulifika wapi.

Basi la Newala

Aliyewahi kupanda basi kutoka Mtwara mjini kwenda Newala anaijua hali hii. Gari likianza kuukwea uwanda wa Makonde masikio yanaziba, unameza mate, yanalia "pwa", unasikia tena. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mlima wote ule unabadilisha mgandamizo wa hewa kwa kiasi ambacho mpiga mbizi anakipata kabla hajamaliza mita 1 ya maji. Basi linatumia saa. Wewe unatumia sekunde chache.

Juu ya maji tuseme mgandamizo ni 1. Ukifika mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Hewa iliyofungiwa mahali inasinyaa kwa hesabu hiyohiyo: iliyokuwa lita 1 juu inabaki nusu lita kwenye mita 10, na theluthi kwenye mita 20. Kwa hiyo mita 10 za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote, na ndani yake zile 5 za juu ndizo zinazowatoa watu machozi. Anayesema "leo hatuendi chini sana, kwa hiyo mafua si tatizo" amekiweka kichwa chake palepale penye tatizo.

Kichwani una vyumba vya hewa vya aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Cha kwanza ni sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio. Lina mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua, na mrija huo una misuli: ukimeza au ukipiga mwayo unafunguka. Aina ya pili ni sainasi, jozi nne: kwenye paji la uso, mashavuni, kati ya pua na macho, na nyingine ndani kabisa nyuma ya pua. Kila moja ina kitundu chake cha kutokea puani. Sainasi haina msuli wa kukifungua kitundu hicho. Kiko wazi au kimeziba, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzibua masikio yake vizuri kabisa, akafurahi, kisha akifika mita 4 anahisi msumari umepigwa juu ya jicho.

Mafua yanavimbisha utando wa ndani ya pua, vitundu vinafunga. Ukishuka hivyo, hewa ya ndani inasinyaa na hakuna ya kujazia nafasi. Mwili hauachi nafasi tupu: utando unavutwa, unavimba zaidi, mishipa inavuja damu hadi nafasi ijae. Ile damu unayoiona kwenye miwani ya mbizi baada ya kupanda imetoka huko.

Kushuka ni hiari, kupanda ni lazima

Dawa za kuzibua pua zinabana mishipa ya damu kwenye utando, uvimbe unapungua, njia inafunguka. Unashuka bila maumivu, sainasi na masikio yanajaa hewa yenye mgandamizo wa kule chini. Kisha dawa inaisha nguvu. Utando unavimba upya, mara nyingine kuliko mwanzo, na sasa hewa imefungiwa ndani wakati unatakiwa kupanda. Kila mita unayopanda hewa hiyo inatanuka na haina pa kutokea.

Ukikwama wakati wa kushuka, unarudi juu na kupoteza pesa ya safari tu. Ukikwama wakati wa kupanda, juu ndiko unakotaka kwenda na ndiko kunakouma, huku geji ya mtungi inahesabu.

Yalinipata Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza, na nilikuwa na mafua ya siku tatu yaliyokuwa "yanaelekea kuisha". Saa 12 asubuhi nikameza kidonge chenye pseudoefedrini. Mbizi ya saa 3 ilikwenda kama siagi. Ya pili haikuwa kwenye hesabu, lakini upepo ulitulia, maji yakawa angavu, wageni wakaomba, nami nikaona aibu kusema pua yangu ina saa. Tulishuka saa 5 na nusu. Sikio la kushoto lilikataa mara mbili, nikalibembeleza, likakubali. Hapo nilipaswa kurudi.

Saa 6 mchana, masaa sita baada ya kidonge, nilikuwa mita 7 napanda. Nilisikia kwanza sauti, kitu kama panya anayelia kwenye paji la uso, halafu maumivu. Nikashuka mita moja na nusu, yakapungua. Nikapanda, yakarudi palepale. Nilikuwa na ba 60 kwenye mtungi (ba ndicho kipimo cha mgandamizo wa hewa iliyobaki mtungini). Nilipanda na kushuka hivyo kwa dakika zaidi ya kumi, nusu mita kwa nusu mita, mwenza wangu ameshika jaketi langu na macho yamemtoka. Kwenye mita 3 kikalia "fyuu", ute na damu vikaingia kwenye miwani. Nilipofika juu nahodha akaniangalia usoni akasema, "Pole mwanangu, nani kakupiga?" Nilibaki na ba 20. Wiki mbili sikugusa maji.

Hatua ya kwanza: jua pua imezibwa na nini

Fanya hivi siku tatu nne kabla, usingoje asubuhi ya boti.

Kama ni mafua ya kawaida, yenye koo kuwasha, kamasi na uchovu, dawa ni kungoja. Huchukua siku 7 hadi 10, na uvimbe wa ndani hukawia kuisha kuliko kamasi unazoziona. Mimi nahesabu siku za kungoja tangu pale ninapolala usiku mzima mdomo umefungwa, siihesabu siku niliyoacha kupenga.

Kama ni mzio, huku kusini tuna sababu yetu wenyewe, na wageni hawaifahamu: salfa. Kuanzia takriban Juni hadi Septemba mikorosho inapuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, na upepo hauulizi shamba la nani. Kijana anapanda Tandahimba au Newala mwisho wa wiki kusaidia shambani, anarudi Jumatatu macho mekundu, pua imefunga, anadhani ana mafua. Dalili za salfa na mzio kwa kawaida haziji na homa, kamasi ni maji meupe, chafya zinafuatana, na ukikaa mbali na shamba siku chache unapata nafuu. Ukifanya kazi ya kupuliza, vaa barakoa inayobana vizuri, oga na badilisha nguo kabla hujalala, na usiiweke mbizi ndani ya siku zinazofuata.

Kama pua imeziba miezi na miezi, upande mmoja zaidi ya mwingine, hunusi vizuri, au unaumwa meno ya juu bila jino bovu, hilo ni la daktari wa masikio, pua na koo. Huenda una vinyama vya pua, ukuta wa pua uliopinda au sainasi sugu. Mtu wa namna hii ndiye anayeishi na dawa ya kupuliza mfukoni.

Kamasi nzito za njano au kijani, uso kuuma na homa maana yake usisafiri. Na alfajiri ukisujudu paji la uso likagonga kama kuna mtu anatwanga ndani, umeshajibiwa kabla hata hujafika ufukweni.

Hatua ya pili: itayarishe pua mapema

Maji ya chumvi yanasaidia kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi kwenye robo lita. Inamia beseni, pitisha pua moja yatokee nyingine, ukipumua kwa mdomo. Maji lazima yawe yamechemshwa: ya bomba au kisima yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini puani vina madhara. Usiongeze magadi, nimeona mtu ameongeza, na alilia. Penga taratibu, tundu moja moja. Kupenga kwa nguvu matundu yote mawili kunasukuma kamasi kwenye mrija wa sikio.

Mwenye mzio azungumze na daktari juu ya dawa za kupuliza za jamii ya flutikasoni au mometasoni. Hizi hazibani mishipa, zinatuliza uvimbe wenyewe, na pua haigeuki kuzitegemea. Ila zinataka siku, hata wiki mbili, kufikia nguvu kamili. Kuzianza asubuhi ya mbizi hakuna maana.

Nyungu je? Bibi zetu hawakukosea. Mvuke unalegeza kamasi na unaleta usingizi mzuri. Lakini uwazi unaoupata chini ya shuka unaisha ndani ya muda mfupi, na haufiki kwenye vitundu vya sainasi kwa namna ya kuaminika. Jifukize jioni upate kulala, usijifukize asubuhi upate ruhusa. Na sufuria lisikae mapajani.

Kunywa maji ya kutosha. Pombe usiku wa kuamkia mbizi inavimbisha pua, sigara vilevile.

Hatua ya tatu: soma boksi la dawa

Majina nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi tahajia ni ya Kiingereza, lisome kwa sauti utalitambua. Usitazame jina la biashara la mbele. Geuza boksi, tafuta kilichomo, maana dawa nyingi za mafua ni mchanganyiko wa vitu vitatu vinne.

Pseudoefedrini ni ya kumeza. Kidonge cha kawaida cha miligramu 60 hufanya kazi masaa 4 hadi 6. Kile cha kuachia dawa polepole, cha miligramu 120, huenda hadi masaa 12. Haichagui mishipa ya puani pekee: inapandisha presha, inakimbiza moyo, inakunyima usingizi. Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, presha ya macho, tezi dume iliyovimba au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi asiiguse bila daktari, na anayetumia dawa za msongo wa mawazo aulize kwanza. Chini ya maji kuna la ziada: ni kichangamsho cha ubongo, na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa inaweza kuleta degedege. Ndiyo maana wataalamu wa mbizi wanashauri usiichanganye na naitroksi, yaani hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, hasa pale mgandamizo wa oksijeni peke yake unapozidi 1.4 kwa kipimo kile ambacho hewa ya juu ya maji ni 1. Degedege juu ya kitanda hutibika. Ukiwa na regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni unazama.

Fenilefrini ya kumeza imechukua nafasi ya pseudoefedrini kwenye maboksi mengi. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilifikia uamuzi kwamba kwa kipimo cha kawaida ikimezwa haizibui pua. Kwa hiyo kuna watu wanashuka wakiamini wana dawa mwilini, na hawana kitu.

Oksimetazolini na zailometazolini ni za kupuliza au kudondosha. Zinafika palepale na hudumu masaa mengi, hadi 10 au 12, na kama kuna dawa ya kuzibua yenye hoja ya kutetewa ni hizi. Ubaya wake unakuja ukizizoea. Ukipita siku tatu hadi tano mfululizo, pua inaanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Unapuliza ili uzibue kilichozibwa na mpulizo wa jana. Huyo ndiye ninayemwogopa zaidi botini, kwa kuwa nguvu inadumu masaa machache zaidi kila siku inayopita, na yeye bado anahesabu yale 12 ya kwenye boksi.

Halafu kuna zile za mzio. Klorfenamini, ambayo wengi tunaiita Piriton hata kama boksi lina jina jingine, inaleta usingizi. Naitrojeni nayo inalevya ukikaribia mita 30. Viunganishe uone mtu anatabasamu kwa samaki huku hajui ana ba ngapi. Setirizini hailazi sana kama hiyo, lakini ijaribu nchi kavu siku nyingine kwanza.

Za maumivu, panado na wenzake, hazizibui chochote. Zinazima kengele. Usimeze kabla ya kushuka kwa ajili ya "kuzuia kichwa".

Nikubali upande wa pili: wako madaktari wa mbizi wanaoruhusu mtu mwenye kuziba kidogo, asiye na maambukizi, atumie dawa ya muda mrefu aliyokwisha kuijaribu nchi kavu, kwa mbizi moja fupi. Mlango huo upo. Ni mwembamba: daktari anakujua, dawa unaijua, siku ni ya kwanza au ya pili tu, na mbizi inaisha mapema kabla ya nusu ya muda wa dawa. Anayenong'ona pembeni ya boti hajatimiza hata moja.

Hatua ya nne: mtihani wa asubuhi

Fanya kabla ya dawa yoyote, la sivyo unaipima dawa.

Bana pua, meza mate. Masikio yote mawili yanapaswa kulia "tk", pamoja au yakipishana kidogo sana. Rudia mara tano ndani ya dakika. Kisha funga tundu moja la pua, vuta hewa kwa jingine mdomo umefungwa, badilisha. Kisha inama kama unatafuta kiatu chini ya kitanda, kaa sekunde kumi, tikisa kichwa taratibu. Uzito usoni au kichwa kugonga ni jibu. Mwisho gonga kwa kidole paji la uso na chini ya macho. Kukiwa na maumivu upande mmoja, usiende.

Ukifeli kimoja, hushuki. Ukifaulu vyote, una ruhusa ya kujaribu mita 3 za kwanza, na si zaidi.

Kuhusu aibu: mwambie kiongozi wa mbizi wazi, mbele ya watu, "Mkubwa, leo masikio hayafunguki." Sijawahi kuona kiongozi mwenye akili akabishana na sentensi hiyo. Anayebishana nayo, wewe tafuta boti nyingine. Akikubali, nenda na wenzako hata hivyo, baki juu botini na nahodha, angalia viputo. Huku kwetu kuanzia Julai hadi Septemba hata nyangumi wanapita.

Hatua ya tano: kushuka

Chagua mahali. Kuta za Msimbati zinavutia, lakini zina mkondo, na kwenye mkondo huwezi kusimama mita 2 ukibembeleza sikio wakati wenzako wanapelekwa. Siku ambayo huna uhakika na kichwa chako, piga mbizi ndani ya ghuba ya Mikindani, ukishuka kwa kamba ya nanga.

Shuka miguu chini, kichwa juu, mkono kwenye kamba. Zibua ukiwa bado juu ya maji, halafu kila nusu mita kwa mita 5 za kwanza, kabla ya kuhisi chochote. Ukingoja maumivu umechelewa: mrija wa sikio ni laini, na tofauti ya zaidi kidogo ya mita 1 ya maji inaweza kuubana usifunguke tena hata usukume vipi. Sikio moja likikataa, lielekeze juu, tikisa taya, meza.

Njia ya kubana pua na kupuliza alieleza Mtaliano Antonio Valsalva mwaka 1704, na yeye alitaka itoe usaha sikioni, hakuwa anafikiria bahari. Inafanya kazi, lakini ipulize kama unaupoza uji, kwa sekunde mbili tatu. Ukikaza kama unapuliza tarumbeta, unaweza kupasua kiwambo kidogo kati ya sikio la kati na la ndani, na hapo unapoteza usikivu na mizani, mara nyingine moja kwa moja. Iliyo salama zaidi ni kubana pua na kusukuma kwa kuinua nyuma ya ulimi kama unatamka "k" mdomo umefungwa. Jifunze nyumbani mbele ya kioo. Ukiona mabawa ya pua yanatuna bila kifua kujikaza, umeipata.

Likikataa, panda mita 1, jaribu tena. Likikataa mara ya tatu, laza kiganja, kitikise, onyesha sikio, kisha dole gumba juu. Safari imeisha, na hakuna mjadala wa ishara chini ya maji. Ukihisi "pwa" kali, baridi ndani ya sikio na dunia kuzunguka, ngoma imepasuka. Shika kamba, tazama kitu kimoja kisichotembea, pumua. Mzunguko hupungua maji yakishapata joto la mwili. Kisha panda na mwenza.

Hatua ya sita: ikikwama wakati wa kupanda

Simama. Mjulishe mwenza, tazama geji. Shuka mita 1 au 2 hadi maumivu yapungue, kisha panda polepole kuliko viputo vyako vidogo kabisa. Usibane pua na kupuliza. Unaongeza hewa kwenye chumba kilichokwisha kujaa. Bana pua na meza, tikisa taya, elekeza sikio linalouma chini. Ukipata kizunguzungu cha ghafla, masikio yamefunguka bila kulingana; kitapita, shika kitu.

Hewa ndiyo inayoamua muda wa kubembeleza. Kwa sababu hiyo siku yoyote yenye shaka mimi naanza kupanda nikiwa na ba 100, siyo 50. Mtungi ukielekea kuisha, chukua regyuleta ya akiba ya mwenza, endelea kupanda hata kama inauma, na usizuie pumzi kamwe. Sainasi iliyojeruhiwa inapona. Pafu lililopasuka ni habari nyingine.

Ndugu zetu wanaotafuta pweza kwa pumzi, Songosongo, Kilwa na huku Msangamkuu, hawana hata hizo ba 50. Wanashuka mara nyingi kwa siku, na kila mshuko ni Newala nzima imepandwa na kushukwa. Wazee wengi wa kazi hiyo ninaowajua wanaongea kwa sauti ya kuitia ng'ambo, na watoto wao wamezoea kujibu hivyo hivyo. Kwao ushauri ni mfupi: siku ya mafua chokoa mwambani maji yakikauka, usizame. Kukwama unapopanda bila mtungi hakuna nafasi ya kushuka tena mita moja.

Hatua ya saba: ukishafika juu

Damu kidogo kwenye miwani na maumivu yanayopungua: pumzika, usipenge kwa nguvu, kaa nje ya maji hadi dalili zote ziishe na siku kadhaa zipite. Ukiona sikio linatoa maji au damu, usitie matone yoyote, si mafuta ya nazi wala dawa ya duka. Lifunike lisiingie maji. Ngoma iliyopasuka mara nyingi huziba yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na anayekuruhusu kurudi ni daktari aliyeichungulia.

Usipande ndege kurudi Dar sikio likiwa limefunga. Hata bila tatizo la sikio, ngoja masaa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi kadhaa, na mlima wa Newala uufikirie hivyo hivyo.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na kizunguzungu kisichoisha, usikivu uliopungua, mlio sikioni, upande wa uso uliolegea, ganzi shavuni au kwenye meno ya juu, kuona vitu viwili, au kichwa kinachouma vikali na homa. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Ganzi au udhaifu wa mikono na miguu uchukuliwe kuwa ni ugonjwa wa viputo, yaani viputo vya naitrojeni vinavyojitokeza mwilini baada ya kupanda, hadi daktari aseme vingine: oksijeni safi hapohapo, na kiongozi wa mbizi apige simu ya dharura.

Daktari wa zamu huenda hajawahi kuona mpiga mbizi, kwa hiyo usimwambie "nimetoka baharini, sikio linauma" ukanyamaza. Mwandikie kwenye karatasi: kina, dakika, saa uliyopanda, kama maumivu yalianza ukishuka au ukipanda, mara ngapi ulikwama. Na ile dawa uliyomeza kwa siri asubuhi, peleka boksi lake.